Kwa dada aliyefunika bakuli la maji

Dada,

Ujumbe niliokutumia Januari una tiki mbili za bluu mpaka leo, hujajibu. Basi nakuandikia hapa kwenye kundi la ukoo, shangazi na wote wasome. Utasema nimekuanika. Na wewe bakuli ulilifunika watu wakiona.

Huku Uru hatujambo. Mgomba wa nyuma ya jiko umeangushwa na upepo, mkungu haujakomaa, tumeupikia kiburu hivyo hivyo. Popi anakula, anatembea, akisikia pikipiki bado anabweka, ingawa siku hizi anabweka akiwa amekaa.

Tangu siku ya wageni hadi mnawasha gari kurudi Dar ulikuwa na neno moja: mbwa ana dharau, anakojoa ndani makusudi kwa sababu nimemdekeza. Dada, huyu ni mbwa ambaye miaka yote hakujisaidia uani, mpaka avuke mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba. Ulimfundisha wewe. Wewe ndiye uliyemleta, umemficha kwenye kitenge ndani ya Coaster kutoka Arusha, konda akidhani umebeba mtoto, ukamnywesha maziwa kwa kijiko huku Mama anagomba kwamba kile ni kijiko chake cha uji. Mbwa wa namna hiyo akianza ghafla kulowesha pale alipolala, akainuka na kuunusa ule unyevu kama anayeuliza nani kaumwaga, hiyo si tabia. Anaumwa.

Nilisema tumpeleke mjini kwa daktari wa mifugo, ukasema ni sikukuu. Nikampeleka mlipoondoka. Ni kijana aliyesoma SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro, hana maneno mengi. Aliniagiza nimpimie Popi maji kwa chupa: mbwa wa kilo 20 akinywa lita moja na kitu kwa siku ni kawaida, akizidi lita mbili kuna jambo, huenda sukari, huenda figo, huenda homoni. Akataka pia nikinge mkojo wa asubuhi. Jirani aliniona kwenye migomba, nimeinama nyuma ya mbwa na upawa mkononi. Sijui amesimulia nini kilabuni.

Sukari hakuwa nayo. Mkojo ulikuwa na damu kidogo na bakteria wengi, kibofu kimeshambuliwa. Akapewa dawa kwa uzito wake, na kule kulowesha kwa mchana kukakoma. Kwa usingizini kumebaki, na kuna sababu yake. Majike waliotolewa kizazi hupungukiwa homoni inayosaidia misuli ya kufunga njia ya mkojo, na uzeeni misuli hiyo hulegea mbwa akilala. Yeye mwenyewe hajui kama anavuja. Dawa ya kuikaza ipo, inaitwa fenilpropanolamini, ila lazima kwanza apimwe moyo na shinikizo la damu, na umri wake unaujua.

Sasa maji.

Tarehe 26 Desemba walikuja upande wa kijana anayemposa binti yako. Najua ulivyojiandaa: ndafu, zulia jipya, mapazia umeyatoa Dar. Popi alikuwa chini ya meza ya kona, mahali pake tangu enzi za Baba. Aliposimama, zulia lilikuwa limelowa, na pindo la gauni la mama wa kijana nalo limelowa. Ukacheka kile kicheko chako cha ofisini. Kisha ukatoka barazani, ukalichukua bakuli lake, ukamwagia maji kwenye maua, ukaligeuza, ukaweka na jiwe juu. “Asipokunywa hatakojoa.” Watoto wakacheka.

Usiku nililigeuza nikalijaza. Alfajiri nikalikuta limefunikwa tena, jiwe kubwa zaidi. Popi nilimkuta nyuma, analamba mfereji wa zizi. Unajua kinachopita pale. Nilimwita, hakuacha kulamba.

Yale niliyokwambia asubuhi ile mbele ya shemeji siyafuti. Mbwa mwenye sukari au figo hakojoi sana kwa sababu anakunywa sana. Anakunywa sana kwa sababu mkojo unamtoka sana. Ukimnyima maji, mkojo hauishi, ila mwili unakauka, na mwenye bakteria kwenye kibofu ndiye hasa anayehitaji maji yapite. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na wewe ndiye msomi wa sheria kwenye ukoo.

Unasema natupa hela kwa mbwa. Hela gani? Godoro lake ni lile kuukuu la chumba cha wavulana, nimelifunga nailoni, juu kanga mbili zinapokezana. Kabla sijalala namtoa nje, hata mvua ikinyesha. Asubuhi namwosha mapajani kwa maji ya vuguvugu, namkausha kabisa, nampaka mafuta ya mgando, maana mkojo ukikaa kwenye ngozi unaiunguza. Nepi ya watoto niliitoboa tundu la mkia; akija mgeni inafaa, kutwa nzima inamchubua. Kinachoisha haraka ni sabuni. Na vile vidonge vyako vya mgongo, diklofenaki, ulivyosema nimpe nusu: kwa mbwa hivyo huweza kutoboa tumbo na kuua figo. Nimevitupa chooni. Usinidai.

Kufua nimezoea. Mashuka ya Mama mwaka ule wa mwisho aliyafua nani? Ulituma hela ya nepi kila mwezi, haikukosa, na Mama alikuombea kwa jina kabla yetu sisi tuliokuwa naye chumbani. Silalamiki. Nasema tu kwamba mtu ambaye hajageuza mgonjwa saa nane za usiku asinifundishe kinachonuka na kisichonuka katika nyumba hii. Kitinda mimba ndiye aliyeachiwa nyumba, mbwa yumo ndani ya nyumba, basi nimeachiwa na mbwa.

Habari ya kumchoma sindano: siku atakayoshindwa kusimama, au akikataa hata supu, nitamwita daktari mwenyewe, na nitakupigia simu uje kwanza. Alikuwa wako kabla ya kuwa wangu. Siku hiyo bado.

Pasaka njoo. Isale, jani letu la kuombea msamaha, usilete, hatujafika huko, na sijui hata nani kati yetu angempelekea mwenzake. Chumba cha mbele ni chako, na zulia nimelifua kwa siki, harufu haipo.

Kuna jambo moja lakini. Mama wa kijana alinipigia juzi, namba kapewa na binti yako. Alitaka kunipa pole. Anasema ulimwambia Popi alikufa Mwaka Mpya. Nikawa natafuta la kusema, pikipiki ikapita, Popi akabweka, yule mama akasikia. Sasa anataka kuja kumwona Pasaka, na anasema mtapanda naye gari moja.