Mbwa hana mdomo, ana mkia na masikio

Mhariri,

Asalam aleikum. Naandika kutoka Malindi kuhusu watoto wetu na mawe. Mbwa akitokea tu mtaani mtoto ashainama kuokota jiwe, na watu wazima wako hapo hapo barazani wanatazama, hakuna anayesema kitu. Naumia sana manake mie nimeishi na mbwa miaka mingi, ni mbwa wa kulinda shamba huku upande wa Sabaki, ngedere wakiingia kwa mahindi ndio kazi yake, na nilichofunzwa nae sijakipata kwengine.

Mbwa hawezi kukueleza shida yake, basi we unayekaa nae lazima ujifunze kutazama. Watu wanadhani mkia ukitikisika ni furaha tu, sio, ukiwa umesimama juu umekakamaa na unatikisika kidogo kidogo huyo anakuonya. Akipiga miayo na hana usingizi, au anajilamba midomo na hapo hakuna chakula, ana wasiwasi, mwache. Masikio yakilala nyuma na mkia umeingia katikati ya miguu ni hofu, na mbwa mwenye hofu anauma. Halafu hili joto letu la kaskazi, yeye hatoki jasho kama sisi, ni kidogo tu kwenye nyayo, joto analitoa kwa kuhema ulimi nje, kwa hivyo ukimuona kivulini anahema usikimbilie kusema ana kichaa. Mpe maji.

Mzee wangu aliposhikwa na stroki upande wa kulia ukafa na maneno yakakatika. Ndugu zangu wakawa wanamuuliza wataka nini baba, wataka nini, kwa sauti kubwa na yeye masikio yake mazima, mzee anazidi kukasirika. Mie nikakaa kando ya kitanda nikamtazama tu, mpaka nikajua akikunja vidole vya ule mguu mzima ni haja ndogo imembana, akigeukia ukutani ni kwamba uji umemchosha, sio hana njaa. Jicho lile nililipata shambani kwa Simba, mbwa wangu. Kuna atakayesema nimemfananisha baba na mbwa, hapana, nasema ni kutazama kule kule.

Wengine watanijibu mbwa ni najisi. Mie ni Muislamu, tunafuata madhehebu ya Shafii, mate yake yakigusa chombo naosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo, na nyumbani ndani haingii. Lakini ile hadithi ya msafiri na kisima tumeisoma sote chuoni: alishuka kisimani akanywa, alipotoka alimuona mbwa anakula udongo mbichi kwa kiu, akasema kiu iliyomshika huyu ndio iliyonishika mimi, akashuka tena akajaza maji kiatu chake, akakiuma kwa meno akapanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Yule mbwa hakumuomba chochote, ni yeye aliyemtazama akaelewa!

Na siwaambii watu wamkumbatie kila mbwa wa njiani. Kichaa cha mbwa kinaua, dalili zikishamtokea mtu karibu hakuna anayepona. Ukiumwa au ukikwaruzwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha siku hiyo hiyo uende hospitali ukachanjwe, mambo ya kupaka pilipili au mafuta ya taa wacheni. Kinachokata ugonjwa wenyewe ni mbwa kuchanjwa, angalau asilimia 70 yao na kila mwaka, sio sumu wala mawe. Kenya imejiwekea 2030 kuwa mwisho wa watu kufa kwa ugonjwa huu na muda ndio huo unakwisha.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Naomba gazeti lenu litangaze mapema chanjo zitatolewa wapi huku Malindi na Magarini, watu wa mashambani wapate kuwaleta mbwa wao, na maustadhi na walimu wa shule wawafunze watoto habari za mkia na masikio.

Mkulima,
Malindi