Barua kwa vijana wangu mnaosema "nimebarikiwa" huku moyo umevunjika

Wanangu, marahaba kwa wote mlionisalimu na hata ambao hamkunisalimu. Leo nina neno, na nimeona niliandike wazi tulisome wote, manake nikimwita mmoja pembeni atadhani nimemlenga yeye.

Kuna tabia imeingia katikati yetu. Mtu kafiwa, mwingine ndoa imemfia mkononi, mwingine daktari kashamwambia ugonjwa huo ni wa kuishi nao, lakini ukimuuliza vipi hali anakujibu haraka haraka "nimebarikiwa mzee, Mungu ni mwema" huku anaangalia pembeni. Na Mungu ni mwema kweli, hapo sibishani. Ila nimekaa kwenye misiba mingi, sauti ya mtu anayeshukuru naijua na ya mtu anayeogopa kuonekana hana imani naijua pia.

Nikiwachimba mnaniambia nikilia Mungu ataona simwamini. Hilo mmelitoa wapi jamani? Hebu fungueni Yohana 11 tusome pamoja taratibu, na msirukie moja kwa moja pale Lazaro anapotoka kaburini kama tulivyozoea.

Lazaro anaumwa, dada zake wanatuma ujumbe kwa Yesu, naye anakaa siku 2 zaidi kulekule alikokuwa. Anapofika Bethania maiti ina siku 4 kaburini. Martha anatoka kumlaki anamwambia "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa". Baadaye Mariamu naye anakuja, anaanguka miguuni pake, anasema maneno yaleyale, yaani nadhani hawa dada walikuwa wameyarudia wao kwa wao siku zote hizo, kama angekuwepo, kama angekuwepo. Na maneno hayo ukiyasikiliza vizuri yana lawama ndani yake. Sasa angalieni Yesu anavyowajibu. Martha anapewa maneno, anaambiwa mimi ndimi huo ufufuo na uzima. Mariamu hapewi hotuba yoyote, Yesu anamwona analia na waliokuja naye wanalia, anaugua rohoni, anauliza mmemweka wapi, halafu Yesu akalia machozi. Lawama ni ileile lakini kila mmoja kachukuliwa kadiri ya hali yake, na hakuna aliyekemewa kwa kusema vile.

Kinachonishika zaidi ni kwamba alikuwa anajua anachoenda kufanya. Alishawaambia wanafunzi wake kabla hawajaondoka kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Mngekuwa ninyi si mngesema "acheni kulia, subirini dakika chache muone"? Yeye aliujua mwisho wa stori na bado akalia nao kwanza, manake uchungu wa Mariamu saa ile ulikuwa wa kweli hata kama muujiza ulikuwa umekaribia. Kwa hiyo mtu akikwambia usilie kwa sababu tutaonana mbinguni, mbinguni ni kweli kabisa, lakini Bwana mwenyewe hakuitumia kweli hiyo kumfunga mtu mdomo.

Halafu mambo yakamgeukia yeye. Pale bustanini Gethsemane, usiku kabla ya kusulubiwa, aliwaambia wanafunzi wake roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakae naye wakeshe, wakalala. Aliomba kikombe kile cha mateso kimwepuke, hakikumwepuka. Msalabani akalia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ambayo ni Zaburi ya 22, yaani hata yeye alipolemewa alishika maneno ya watu walioumia kabla yake. Ndiyo maana Waebrania 4:15 inasema hatuna kuhani mkuu asiyeweza kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu. Ukimwambia Yesu kwamba rafiki zako walilala wakati unawahitaji humwambii jambo geni, wala ukimwambia uliomba na jibu likawa hapana.

Mtaniuliza sasa kama anaelewa hivyo mbona haondoi? Sina jibu la hilo, na Ayubu naye hakupewa, alijibiwa kwa maswali mengi lakini sababu ya msiba wake hakuambiwa. Alichopata ni Mungu kuja mwenyewe kusema naye. Wenye majibu walikuwa wale rafiki zake, na hapa nageukia ninyi mnaopenda kufariji watu kwa meseji ndefu za mistari. Wale jamaa walifanya vizuri mwanzoni, walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila mtu kusema neno, wakaharibu walipofungua midomo wakaanza kumtafutia dhambi yake. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, yule Ayubu aliyekuwa analaani siku aliyozaliwa! Kwa hiyo punguzeni kuuliza wenzenu wamekosea wapi. Nendeni mkakae nao, osheni vyombo, pelekeni mtoto shule, basi.

Na wewe unayeumia, maombi yako yasiwe ya kupambwa. Ukikosa maneno soma Zaburi ya 88, ile inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina aleluya mwishoni, na bado imo kwenye Biblia tunayoibusu. Ukishindwa hata kusoma kaa tu uugue, Warumi 8 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

La mwisho, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Kama umefika mahali unatamani kufa, usikae nalo peke yako ukisema utaliombea kimyakimya. Nabii Eliya aliomba afe, chini ya mti wa jangwani uitwao mretemu, na Mungu hakumkemea, alimtumia malaika na mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo safari ikaendelea. Kwa hiyo kula, lala, nenda kamuone daktari au mshauri, hakuna upungufu wa imani hapo, na mwambie mtu mmoja leo hii, hata kama ni usiku. Mimi simu yangu siizimi.

Ni mimi mzee wenu.