Nike ilianzia kwenye buti la gari

Mhariri,

Sokoni Kongowea, hapa Mombasa, siku haziishi bila vijana kubishana juu ya raba za Nike za mtumba: hizi orijino, zile feki. Wengi hawajui kwamba kampuni wanayoigombania ilianza bila kiwanda wala duka.

Mwaka 1964 Phil Knight, aliyekuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alishirikiana na kocha wake Bill Bowerman kuanzisha Blue Ribbon Sports. Waliagiza viatu vya Onitsuka kutoka Japani, naye Knight, mhasibu kwa kazi, akawa anavipakia kwenye gari na kuviuza kwenye mashindano ya riadha. Jina la Nike lilikuja 1971. Alama ile kama vema ilichorwa na mwanafunzi, Carolyn Davidson, akalipwa dola 35 (baadaye walimkumbuka kwa hisa). Bowerman naye, akitafuta soli inayoshika ardhi, alimwaga mpira kwenye chuma cha mkewe cha kuokea vitafunio vya mirabamiraba. Chuma kikagandamana, kazi kwisha. Sijui mama alisema nini.

Hapa Mombasa, kijana akifungua buti kando ya barabara auze raba, hamalizi saa moja kabla hajafukuzwa. Naiomba kaunti itenge sehemu nje ya viwanja siku za mechi na mbio, kwa ada ndogo, ili wauze kwa utulivu. Wanunuzi wenyewe ndio hao wanaoingia uwanjani.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa