Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Umoja wa Wajane wa Usharika, Mwaka 2024

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa mliofika, mama zangu na dada zangu, Bwana Yesu asifiwe.

Tumevuka mwaka. Wenzetu watatu hawakuvuka nao. Tuliwazika Aprili, Agosti na Desemba, na naomba tusimame kidogo kwa ajili yao kabla sijaendelea.

Asanteni, tukae.

Shughuli za kawaida mnazijua kwa sababu mlizifanya wenyewe. Tuliwatembelea wagonjwa 14, tulipika kwenye misiba 5, tulikuwa na mafungo ya siku moja kabla ya Pasaka, na Jumapili ya tarehe 23 Juni, siku ya wajane duniani, tuliimba nyimbo mbili kanisani. Presha tulipimana mara 3 kwa mkono wa mwenzetu aliyestaafu uuguzi. Watu 11 waliambiwa waende kituo cha afya, na ninaojua kwamba walikwenda ni 7. Ninyi 4 mliobaki, tuonane leo leo hapo nje. Ndizi na mayai tuliyouza kwenye mnada baada ya ibada yalituletea 212,000.

Kwenye daftari tupo 47. Ada ni 2,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwa mwaka ilipaswa kuingia 1,128,000. Imeingia 611,000. Deni ni 517,000, na sehemu kubwa ya deni hilo ni la watu wale wale wa mwaka juzi. Sitasoma majina mbele ya Mchungaji. Asiye nacho aje aniambie hana, nitamwelewa, maana mimi mwenyewe nimewahi kukosa fedha ya chumvi. Anayeniumiza ni yule anayenipita njiani kimya kwa sababu ya shilingi 2,000, mpaka salamu inakatika.

Mahudhurio nayo yamenisononesha. Februari tulikuwa 19. Oktoba tulikuwa 8, na kati ya hao 5 ni viongozi. Siku wageni walipokuja na mablanketi tulikuwa 44. Blanketi ni jema, usiku wa Julai huku mlimani tunaujua. Lakini umoja huu haukuanza kwa blanketi. Mume wangu alifariki 2009, na kwa karibu miezi sita niliendelea kumenya ndizi za watu wawili. Namenya, naweka jikoni, halafu nakumbuka. Watu walinifariji kwa kuniambia nisilie, Mungu amempenda zaidi. Sikujibu, ila nilikuwa nikirudi ndani najiuliza kama mimi Mungu hanipendi. Walioniokoa ni akina mama watatu waliokuwa wakija jioni na vibakuli vyao, tukala pamoja, wakaniacha nilie. Kati ya hao amebaki mmoja, amekaa pale mbele. Ndiyo maana 2011 nilikwenda kwa mchungaji wa wakati ule kuomba tupewe Jumamosi moja kwa mwezi. Mnisamehe kwa kujitaja, lakini wapo wanaosema umoja huu ni wa viongozi. Mwanzo wake ulikuwa sahani ya chakula.

Sasa nakuja kwenye suala la fedha za sare. Najua wengi mmelifuata hilo leo, na nimefurahi kwamba angalau limewaleta.

Watu 23 walichanga 28,000 kila mmoja kwa ajili ya kitenge na fundi. Jumla ni 644,000. Katika hizo nilitoa 385,000 mwezi Julai bila kuitisha kikao. Katiba yetu inasema matumizi yanayozidi 100,000 yapitishwe na kikao. Sikuisahau. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Jumapili tarehe 7 Julai, baada ya ibada, mwenzetu mmoja alinivuta nyuma ya kanisa. Mumewe alifariki 2022 na mirathi ilikuwa haijafunguliwa. Siku hiyo alikuwa amepata habari kwamba ukoo utakaa Alhamisi tarehe 11 kuzungumzia kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, kilicho kando ya barabara. Mteja alishapatikana, na yeye mwenyewe hakuwa ameitwa kwenye kikao hicho. Mkononi hakuwa na karatasi yoyote zaidi ya kibali cha mazishi. Cheti cha kifo hakuwahi kukichukua, na cheti cha ndoa kilipotea zamani. Mkutano wetu wa Julai ulikuwa umepita jana yake, na uliofuata ulikuwa tarehe 3 Agosti. Ningesubiri kikao, tungekwenda kumpa pole.

Nilimpigia mweka hazina, nikampigia katibu. Wote wawili walikubali, na saini zao zipo. Jumatatu asubuhi nilikuwa ofisi ya usharika. Mwinjilisti alinitolea vitabu vya ndoa, tukafunua kurasa moja moja mpaka saa saba mchana. Tuliwakuta, jina la bwana, jina la bibi, mashahidi, saini ya mchungaji. Nilipoona ile saini niliweka kichwa mezani nikalia. Kitabu cha kanisa kilikuwa kimemtunzia haki yake miaka yote hiyo na mwenyewe hajui.

Fedha zilikwenda hivi: kama 200,000 kwa vyeti, nakala, picha na ada, na 185,000 kwa nauli na chakula cha mashahidi na wazee, kwa safari zote mpaka Oktoba. Risiti zimo kwenye bahasha kwa mweka hazina. Nauli yangu mimi nililipa mfukoni kwangu, safari 6. Imesemwa kuwa nilimpendelea kwa sababu tunatoka mtaa mmoja. Angetoka mtaa wowote ningefanya hivyo hivyo, na Mungu anajua.

Msaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, alitueleza mambo ambayo kila mjane humu ndani anapaswa kuyajua. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inasema mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kukaa anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mtu anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Kwa hiyo habari ya kurithiwa na shemeji haina nguvu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inaikataa mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Akatuambia pia kwamba msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, kisha anarudisha hesabu mahakamani. Mimi nimekaa mjane miaka kumi na mitano nikidhani msimamizi ndiye mrithi.

Wapo waliosema: tumekuja kuomba, hatukuja kufungua kesi. Neno hilo nimelala nalo usiku mwingi. Mwaka huu tulisoma Rutu, na tulifurahi sana pale Naomi anaposema asiitwe Naomi, aitwe Mara, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda mambo machungu. Tulisema Biblia inamruhusu mjane kulalamika. Lakini tulipofika sura ya nne tulikuwa watu 8, ile Oktoba, kwa hiyo wengi hamkuisikia. Sura ya nne ni kikao. Boazi anakwenda langoni, anaketi, anawaita wazee kumi wa mji, na ajenda ya kwanza ni shamba la marehemu Elimeleki, mume wa Naomi. Huzuni ya Naomi haikuponywa kwa maombi peke yake. Ilibidi mtu akae na wazee na azungumzie ardhi mbele ya mashahidi. Tarehe 11 Julai tulikwenda na mzee wa kanisa, tukasalimu, tukaomba nafasi, tukaweka nakala ya kitabu cha ndoa mezani. Hakuna aliyetukana mtu. Wazee wa ukoo wenyewe ndio waliosema biashara isimame mpaka mirathi ifunguliwe, na nawashukuru kwa dhati.

Wengine walisema fedha ya sare ilikuwa kama senti mbili za yule mjane wa hekaluni, haiguswi. Nawaomba mrudi kwenye Marko 12 na msome mstari wa 40, kabla ya hizo senti. Bwana anawakemea wanaokula nyumba za wajane. Nyumba imetangulia, sadaka imefuata.

Ninachokubali ni kwamba nilipaswa kuwapigia wote 23, au kuwaandikia, hata kwa ujumbe mfupi, jioni ile ya Jumapili. Mlisikia habari kisimani kabla hamjaisikia kwangu, na hilo limewaumiza akina mama ambao sipendi kuwaumiza. Kwa hilo naomba radhi. Kwa kutoa fedha, siombi.

Mwisho wa Oktoba mahakama ya mwanzo ilimteua mwenzetu kuwa msimamizi wa mirathi ya mumewe. Ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na hesabu, na muda huo unaishia mwisho wa Februari. Kipande cha barabarani bado kina maneno. Amenipa ruhusa niwaambie kwamba tangu Novemba analala usiku mzima, na presha yake, ambayo Juni ilikuwa ya kutisha, imeshuka.

Kwa mwaka 2025 natamani tuwe na mfuko mdogo wa nyaraka, tukijaliwa. Natamani pia kila mmoja awe na bahasha yenye cheti cha ndoa, cheti cha kifo na karatasi za shamba, ajue ilipo. Tukipata mtu wa kutufundisha kufuga kuku itakuwa vizuri. Na vijana wa usharika wakipenda kutusaidia kuchimba mashimo ya migomba tutashukuru.

Za sare zimebaki 259,000. Anayetaka sehemu yake arudishiwe ajiandikishe kwa mweka hazina leo, nitaanza na waliotangulia kuchanga, na kitakachopungua nitakijazia kidogo kidogo kutoka kwenye kahawa yangu. Anayekubali iende kwenye huo mfuko wa nyaraka aseme pia, iandikwe.

Mwenzetu yupo, amekaa karibu na dirisha. Hajawahi kusimama mbele ya watu, lakini ameomba dakika chache baada ya mweka hazina kusoma hesabu. Naomba hata walio na haraka wasitoke kabla yake.

Mwenyekiti