Simu Iliyolala Ziwani

Ilemela, Mwanza
12 Juni 2025

Rafiki yangu mpendwa,

Mwangaluka! Naamini salamu hiyo ya Kisukuma hujaisahau, ingawa miaka mingi imepita tangu tulipomaliza Chuo cha Ualimu Butimba nawe ukarudi kwenu Tanga. Sisi huku hatujambo. Shule zimefungwa kwa likizo, na usiku huu mbalamwezi imewaka hata ziwa lote linaonekana kutoka barazani kwangu, bila taa hata moja ya wavuvi wa dagaa. Habari ya mwezi nitairudia, maana inahusu swali lako kuliko unavyodhani.

Umeniandikia kwamba bodi ya shule yenu imepata fedha kutoka kwa wahitimu wa zamani, na kwamba wajumbe wamegawanyika. Wengine wanataka kila mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne anunuliwe kishikwambi ili asome mtandaoni akiwa nyumbani, na wengine wanataka fedha hizo ziende maabara. Wewe, ukiwa makamu mkuu wa shule, umeombwa maoni, nawe umeniomba yangu kwa kuwa umesikia kwamba sisi tulijaribu mapema. Kweli tulijaribu. Nitakueleza tuliyoyaona, halafu wewe utapima.

Unakumbuka kwamba tarehe 17 Machi 2020 serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni na waliobaki tarehe 29 mwezi huo huo. Ukitulinganisha na majirani zetu wanaokunywa maji ya ziwa hili hili, sisi tulibahatika, kwani huko Kenya wanafunzi wengi walikaa nyumbani mpaka Januari 2021, na huko Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Kwetu ilikuwa miezi mitatu na siku kadhaa tu. Hata hivyo, miezi hiyo ilitosha kunifundisha jambo ambalo semina zote za matumizi ya kompyuta zilikuwa hazijanifundisha.

Nilikuwa na wanafunzi 86 katika mkondo mmoja wa kidato cha tatu. Nilifungua kundi la WhatsApp, nikaomba namba, nikapata 31. Nilipozichunguza, nikagundua kwamba kadhaa kati ya hizo zilikuwa za shangazi anayeishi mtaa mwingine, au za mwenye duka la jirani aliyekubali kupokea ujumbe kwa niaba ya mtoto. Nilikuwa nikipiga picha kurasa za notisi za baiolojia, natuma pamoja na maswali matano, halafu ninasubiri majibu. Waliojibu mfululizo hawakufika 20.

Kati yao alikuwako binti mmoja ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa. Mwanzoni alijibu kila swali, tena kwa mwandiko safi, akipiga picha daftari lake chini ya taa ya sola. Halafu akapotea kwa karibu wiki mbili. Akarudi, akaleta kazi zote za nyuma kwa siku tatu, akaendelea vizuri, na kisha akapotea tena. Mimi, kwa haraka zangu za kialimu, niliandika pembeni ya jina lake neno "mvivu". Shule zilipofunguliwa nilimwita ofisini, nikamwuliza. Akanijibu kwa utulivu, kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni: "Mwalimu, simu ni ya baba. Siku za giza anakwenda nayo ziwani."

Nililifungua daftari langu la mahudhurio, nikalilinganisha na kalenda. Ilikuwa kweli tupu. Wewe ni mtu wa pwani, huhitaji kufundishwa kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na kwamba mbalamwezi ikijaa mitumbwi hupumzika kwa kuwa taa hazina nguvu tena. Mwezi ulipokuwa mkubwa, baba alilala nyumbani na simu ikawa ya mtoto. Mwezi ulipofifia, simu ililala ziwani na mtoto akakosa masomo. Ratiba yangu ya baiolojia haikuwa imepangwa na mimi, wala na wizara.

Ndiyo maana sikubaliani na wajumbe wenu wanaosema kwamba kishikwambi kitaifikisha shule nyumbani. Shule ina mambo ambayo nyumba nyingi za huku hazina: meza, mwanga, saa zisizoingiliwa na mtu, na mwenzako wa kumwuliza kwa kunong'ona. Binti akiwa nyumbani, hata ukimpa kifaa cha thamani, saa kumi jioni ataitwa kuchota maji, saa moja ataitwa jikoni, na saa tatu kifaa chenyewe kitakuwa mikononi mwa kaka yake anayetazama mpira. Simlaumu mzazi hata kidogo. Ninasema tu kwamba tulipohamishia masomo mtandaoni, tuliwarudishia watoto tofauti zote za majumbani mwao ambazo sare na dawati vilikuwa vinazifunika kwa saa chache kila siku.

Usije ukadhani kwamba nimegeuka mpinzani wa teknolojia. Mimi mwenyewe shahada yangu niliipata kupitia Chuo Kikuu Huria, nikiwa nafundisha huku nimekwisha kuwa na watoto, na nisingeweza kuhudhuria chuo cha bweni. Lakini nilikuwa mtu mzima, nilijua kwa nini ninasoma, na simu ilikuwa yangu. Mtoto wa miaka 15 anahitaji mtu wa kumtazama usoni na kujua kwamba ametikisa kichwa bila kuelewa.

Sasa nikueleze upande wa pili, ambao kwangu ndio mtamu zaidi. Mwaka juzi tulipata projekta moja na spika mbili. Mkuu wa shule alitaka viwekwe katika chumba cha kompyuta, chumba ambacho hapo awali kilikuwa kikifunguliwa mgeni akija, na mapazia yake hayajawahi kuona jua. Tukambembeleza, akakubali projekta izunguke madarasani. Somo langu la kwanza lilikuwa upumuaji wa samaki. Nikawaonyesha filamu fupi iliyotengenezwa Ulaya, ikieleza matamvua, ambayo huku tunayaita mashavu ya samaki, kwa michoro ya rangi. Dakika ya tatu kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono, akasema kwamba samaki yule "mashavu yake yamekwisha kuharibika," kwa sababu mekundu yamekuwa ya kahawia, na kwamba pale soko la samaki la mwaloni Kirumba hakuna mama angemnunua. Darasa likacheka, kisha likaanza kubishana kuhusu damu na oksijeni kwa namna ambayo sijapata kuiona. Kipindi kilichofuata nikaleta vichwa vitatu vya sangara kwenye beseni, na projekta ikabaki kabatini. Kwa samaki, watoto wa huku hawahitaji filamu.

Lakini kwa mgawanyiko wa seli wanaihitaji sana. Tuna hadubini moja inayofanya kazi, na foleni ya wanafunzi 80 kwenye hadubini moja ni kipindi kizima cha kusukumana. Nilipowaonyesha kromosomu zikijipanga katikati ya seli na kuvutwa kila upande, nilisikia ule mguno wa darasa ambao wewe na mimi tunaufahamu. Vivyo hivyo vali za moyo, ambazo kwa miaka 14 nilikuwa nazichora ubaoni zikiwa zimesimama kama malango yenye kutu.

Lipo pia jambo ambalo sikulitarajia. Filamu hurudi nyuma, mwalimu harudi. Watoto wetu wanasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, halafu wanafika kidato cha kwanza wanakutana na Kiingereza karibu katika kila somo. Mwenye haya hawezi kuniomba nirudie sentensi moja mara nne mbele ya wenzake. Kijana mmoja mkimya nilimkuta mchana akiwa peke yake na kompyuta, akirudisha nyuma maelezo yale yale na kuandika maneno aliyoyashika, neno moja baada ya jingine, huku kamusi ikiwa wazi pembeni. Kwa kijana huyo mashine ilikuwa na subira ambayo mimi, saa nane mchana nikiwa na njaa, sina.

Kuhusu walimu nitakuambia ukweli ambao wajumbe wa bodi hawapendi kuusikia. Kazi haikupungua, iliongezeka. Maswali yanaingia saa tano usiku, bando ni la kwako, na kuandaa somo moja la dakika kumi lenye sauti na picha kunaweza kula jioni nzima. Baada ya sensa ya 2022 serikali iligawa vishikwambi kwa walimu, nasi tukashukuru, lakini mwalimu mmoja mzee, ambaye ramani ya Afrika anaichora ubaoni bila kutazama kitabu, alikiweka chake kwenye droo karibu muhula mzima kwa aibu ya kutojua kukiwasha. Mwanafunzi wake wa kidato cha pili ndiye aliyemfundisha, wakiwa wawili tu maktaba, na siku hizi huwezi kumpokonya. Udanganyifu nao umehama kutoka kwenye vikaratasi. Wiki kabla ya likizo nilipokea majibu 11 yenye kosa moja lile lile, na insha mbili za Kiingereza safi kilichoandikwa na akili mnemba, kutoka kwa vijana ambao siku iliyotangulia walishindwa kuniandikia barua ya kuomba ruhusa. Nimerudi kwenye maswali ya mdomo.

Hili la kukutana ana kwa ana si geni katika nchi yetu. Marehemu baba yangu, akiwa kijana huko Sengerema, alikuwa katika kundi la wasikilizaji wa redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ile iliyowafikia watu wapatao milioni mbili. Alikuwa akisimulia kwamba redio ilisema kwa muda mfupi tu, kisha kiongozi wa kundi akafungua kijitabu, wakajadiliana mpaka wakakubaliana nani atachimba choo lini. Redio ilikuwa moja na watu wengi, na walikuwa wameketi pamoja. Nikiwaza mipango ya siku hizi ya kifaa kimoja kwa kila mtoto, kila mmoja peke yake, naona kama tumeuacha ufundi tuliokuwa nao mkononi.

Kwa hiyo jibu langu kwa bodi yenu ni hili. Msinunue vishikwambi vya kupeleka nyumbani. Nunueni projekta mbili imara, spika, na kompyuta moja ya kuwa ghala la masomo, ambayo vifaa vingine vya shuleni vitaunganishwa nayo bila kutegemea intaneti ya nje. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchini kwa siku kadhaa, jirani zetu waliokuwa wakilipia masomo ya moja kwa moja mtandaoni walikaa wakitazama duara linalozunguka. Sisi tulikuwa tumekwisha kupakua yetu, tukaendelea. Vitabu vya kiada vimo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mwalimu mmoja mwenye bando la usiku anaweza kuvishusha. Nondo za madirisha na kitasa cha maana viingie katika bajeti mapema, pamoja na mfuniko wa kitambaa, kwa sababu vumbi limetuulia vifaa vingi kuliko wezi.

Fedha zitakazobaki zipelekeni maabara. Na kama upo uwezo, fungueni chumba hicho mpaka saa kumi na mbili jioni, akiwepo mwalimu wa zamu anayelipwa posho yake, ili mtoto asiye na simu wala taa akae pale. Hilo la posho ulisimamie kwa ukali; zamu isiyo na posho hufa ndani ya mwezi mmoja, nimeliona kwa macho.

Yule binti wa simu ya ziwani alifaulu kidato cha nne, na sasa anasomea uuguzi. Alipita nyumbani mwezi uliopita kunisalimu. Ana simu yake mwenyewe, na akanionyesha masomo anayoyafuata humo. Nilimwomba radhi kwa lile neno nililoliandika pembeni ya jina lake. Hakujua kwamba niliwahi kuliandika, akabaki ananitazama, kisha akaniuliza kama daftari lile bado ninalo.

Niandikie bodi itakapokuwa imeamua, hasa kama wataukataa ushauri wangu, nijue hoja zao. Orodha ya masomo tuliyoyapakua nitakutumia, nayo nimeweka alama kwenye yale yanayofaa na yale ya kuachana nayo. Nisalimie sana shemeji na watoto. Dagaa aliowaomba watapatikana giza likiingia, na mtu wa kuwaleta Tanga nimekwisha kumpata.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu wa Baiolojia, Ilemela