Msilaumu gesi, pandeni darini mkague dakti

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Oktoba, jua la Dodoma linapokolea, malalamiko ni yaleyale: kiyoyozi kikubwa cha ofisi hakipoozi, aitwe fundi aongeze gesi. Mara nyingi gesi haina kosa. Kosa liko darini, kwenye mifereji ya hewa, yaani dakti, ambayo mwenye jengo hakuiona ikifungwa wala mkataba haukusema ifungweje.

Nazungumzia mitambo ya pakeji, ile ambayo kompresa (pampu ya gesi), feni na koili (mabomba ya kupoozea hewa) zimo katika sanduku moja juu ya paa au nje kwenye jukwaa la zege, na hewa hupita kwenye dakti za bati.

Tani moja ya ubaridi, kipimo cha nguvu ya kiyoyozi, huhitaji takriban lita 190 za hewa kwa sekunde. Mtambo wa tani 5 ni kama mita za ujazo 0.95 kwa sekunde. Lakini hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 12, nayo hubeba joto pungufu kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo feni inapaswa kusukuma kama mita za ujazo 1.08. Dakti kuu ya milimita 600 kwa 300 inayotosha Dar es Salaam, hapa iwe 600 kwa 350, ili mwendo wa hewa ubaki karibu mita 5 kwa sekunde. Ya kurudisha hewa iwe kubwa zaidi, 600 kwa 450. Hiyo ya kurudisha ndiyo wakandarasi hupenda kuipunguza, kwa kuwa haionekani na bati ni ghali.

Hewa ikipungua, koili hupoa kupita kiasi na kuganda barafu. Fundi asiyepima huona barafu, husema gesi imepungua, huongeza. Sasa gesi ya majimaji hurudi kwenye kompresa, na kompresa haikuumbwa kusukuma maji. Hapo ndipo mtambo mpya unapokufa.

Kona nazo zinaua hewa. Nusukipenyo cha mpindo, kikipimwa hadi katikati ya dakti, kisipungue mara 1.5 ya upana wake. Pasipo nafasi, kona ya mraba ifungwe mabawa ya kuelekeza hewa kwa ndani. Bomba laini la kwenda kwenye grili, yaani tundu la kutolea hewa chumbani, livutwe linyooke, likatwe urefu unaotakiwa, lishikiliwe kila mita 1.2 hadi 1.5. Lililojikunja kama utumbo juu ya jipsamu ni hasara tupu.

Halafu maungio. Selotepu ya kitambaa hubanduka kwa joto la chini ya bati; yapakwe mastiki, yaani gundi nzito ya kuziba, na hiyo ni kabla ya kuvishwa sufi ya kioo ya kuzuia joto, si baada. Wakati wa kupima, washeni feni, pitisheni moshi wa udi kwenye kila ungio: kwenye dakti ya kupeleka moshi utasukumwa, kwenye ya kurudisha utanyonywa. Msidharau ungio la kurudisha. Tuseme hewa ya ofisi ni nyuzi 25 na ya darini 55. Asilimia 10 tu ikivuja kuingia, hewa inayofika kwenye koili ni nyuzi 28. Nyuzi tatu zimepotea, na vumbi la kiangazi limeingia pamoja nazo.

Dakti iliyo nje juu ya paa ivishwe sufi ya milimita 50, ifunikwe bati, na mgongo wake uwe na mteremko ili mvua isituame. Kati ya mtambo na dakti kiwekwe kipande cha turubai, mtetemo usisafiri hadi ofisini.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo wengi hulisahau: bomba la kutolea maji yanayodondoka kwenye koili. Lazima liwe na kona ya U inayobaki na maji, maana feni hunyonya. Kiangazi hewa ni kavu, koili haitoi maji, kona hukauka, na mtambo hunyonya vumbi kupitia bomba hilo. Desemba mvua ikianza, maji yanakuta udongo, yanafurika, dari inalowa, na lawama inamwangukia mwezeka paa. Novemba bomba lizibuliwe na kona imiminiwe maji. Chujio nalo likaguliwe kila mwezi kuanzia Juni.

Kwa ofisi zinazojengwa sasa Mtumba na kwingineko, ombi langu kwa waandaaji wa zabuni ni dogo. Msiandike tu "dakti na vifaa vyake". Andikeni unene wa bati, vipimo, mastiki na unene wa sufi. Malipo ya mwisho yasitoke mpaka mkandarasi akabidhi karatasi yenye kiasi cha hewa kwenye kila grili, tofauti ya joto kati ya hewa inayotoka na inayorudi (kwa kawaida nyuzi 8 hadi 12), na mgandamizo wa feni ukilinganishwa na ulioandikwa kwenye kibati cha mtambo.

Fundi viyoyozi,
Dodoma