Kabla ya kikao cha ukoo

Shoga yangu mpenzi,

Poleni sana kwa msiba. Mdogo wako kuambiwa na mashemeji zake kwamba "ameua" mumewe kwa virusi kumeniumiza. Kosa lake ni kupimwa VVU kwanza tu. Mjamzito hupimwa hudhurio la kwanza kliniki, mume wakati huo hajakanyaga huko. Basi anayeleta habari nyumbani ndiye anayehesabiwa kuleta virusi. Kipimo hakisemi nani alianza.

Leo hiihii atoe humo nyumbani vidonge na kadi ya CTC, yaani kliniki ya dawa za VVU, uvitunze wewe. Wakimfungia mlango kabla, aende CTC iliyo karibu aeleze, asikae bila dawa. Kikaoni asionyeshe kadi wala asijibu maswali ya afya: Sheria ya UKIMWI Na. 28 ya 2008 inataka majibu yawe siri, na VVU havimwondolei mtu haki ya mali.

Shemeji akitaka kumrithi awe mkewe, kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mjane uhuru wa kuishi atakapo na kuolewa na amtakaye, au asiolewe kabisa.

Kwenye nyumba ndiko kwenye kazi. Amri ya sheria za mila ya 1963 humnyima mjane urithi, ati atunzwe na watoto. Wajane wawili wa huko kwenu Shinyanga walifika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ikawapa haki mwaka 2015. Lakini amri bado humnyima mjane, kwa hiyo asianze kwa kuomba urithi. Aanze na alichochuma mwenyewe: hati ya mauziano ya kiwanja, risiti za mabati na saruji, fundi aliyelipwa naye, jirani aliyeshuhudia. Kisha haki ya watoto.

Wahi cheti cha kifo, maana mwenye cheti ndiye hutangulia Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo husaidia tu, haumfungi hakimu. Wakimteua kaka wa marehemu, mdogo wako aweke pingamizi. Kaka akipitishwa, ana miezi 4 kuwasilisha Fomu Na. 5 ya mali na madeni. Muulizeni karani kama imewasilishwa; nyumba ikikosekana humo, pelekeni malalamiko kwa hakimu kwa maandishi.

Wakimpiga au kumtoa kwa nguvu, nenda naye Dawati la Jinsia polisi.

Nijulishe kikao ni lini. Wasalimie watoto.

Shoga yako